Tabaka za Pagale: Dibaji ya Elimukopo ya Nyumba, Nachingwea na Ruangwa

Pagale ni kisukuku cha mkopo, na mtaalamu aliyefuzu hulisoma kutoka chini kwenda juu. Kielelezo cha kawaida, katika barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa, kinasomeka hivi. Msingi ni mnene, saruji haikubaniwa: tabaka la 2017, korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo minadani huku kusini. Ukuta umeishia kwenye lenta: tabaka la 2018, wakulima walipozikataa bei za wanunuzi, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300, jeshi likaingia kazini, na malipo ya wengi yakachelewa. Juu ya lenta kuna nondo zenye kutu na ukungu mweusi wa masika. Ndani, mahali palipokusudiwa kuwa sebule, mpapai umeshazaa.

Mikopo iliyozaa mapagale haya tunaigawa katika jamii tatu na nusu.

Jamii ya kwanza ni Mkopo wa Mshahara. Makazi yake ni shule, zahanati na halmashauri. Huitwa mkopo wa nyumba na mkopaji peke yake. Benki haijali kama utajenga au utaoa, maana dhamana yake ni salari slipu. Kinga yake ya asili ni kanuni ya theluthi: mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Wengi huisoma kanuni hiyo kama ruhusa ya kula theluthi mbili. Kabla ya kutia saini, uliza swali moja ambalo maofisa mikopo hawalipendi: riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote mpaka mwisho? Milioni 10 kwa asilimia 18, miaka mitano: kwa njia ya kwanza riba ni kama milioni 5.2; kwa ya pili ni milioni 9 kamili. Tofauti hiyo ni bati, mbao na misumari. Uhamisho nao usisahaulike. Makato yatakufuata mpaka Liwale, nyumba haitakufuata.

Jamii ya pili ni Mkopo wa Korosho. Huu una ugonjwa wa kalenda. Rejesho linadaiwa kila mwezi, ilhali fedha ya korosho inapita chama cha msingi, ghala na mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI, kisha inatua kwenye akaunti kwa msimu, kuanzia Oktoba hivi. Ufuta na mbaazi huziba pengo kidogo. Asiyeliona pengo hilo mapema huishia kwa mnunuzi wa kangomba, nje ya mnada, akiuza korosho ambayo bado ni ua, na ugonjwa wa ubwiri unga haujaamua.

Nusu jamii ni kausha damu, fedha ya mtaani yenye riba kali. Tumeipa nusu kwa sababu wanazuoni hawajakubaliana kama ni mkopo au ni ajali.

Jamii ya tatu, Rehani Halisi, ya miaka mingi na nyumba yenyewe ikiwa dhamana, huonekana zaidi Dar es Salaam. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa 1972, ilifungwa 1995. Kampuni ya TMRC ikaja 2010 kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe wajenzi. Huku kwetu spishi hii hufia kwenye karatasi. Kiwanja kina barua ya mauziano, mashahidi wawili na muhuri wa mtendaji. Benki inataka hati miliki. Hati ya hakimiliki ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ila ofisa mkopo huishika kwa vidole viwili. Anza kupima na kumilikishwa kwanza, halafu ndiyo uulize riba.

Linabaki sharti la ridhaa. Kuweka rehani nyumba ya familia, sheria inataka mwenza akubali. Ofisa aliyehamia Ruangwa juzi, akiuliza, «Mwenza wako yupo?», asishangae mzee akimjibu, «Yupi?» Sheria ya Ardhi ilishamwona mzee huyo: imeandika mwenza au wenza, na wote wanaoishi katika nyumba hiyo wasaini au waridhie.