Waraka kwa Mthibiti Ubora wa Shule
YAH: KELELE DARASANI

Ndugu Mthibiti Ubora,

Nakushukuru kwa kuvumilia vumbi la kiangazi hadi Chamwino. Ulisoma azimio la kazi, ukapitia andalio la somo, ukahesabu madaftari yaliyosahihishwa. Kisha ukaandika kwamba kipindi changu cha Kiingereza, kidato cha kwanza, kilikuwa na kelele. Ni kweli. Ila hukuuliza zilikuwa kelele za lugha gani.

Zilikuwa za Kiingereza. Watoto wawili walikuwa wakivutana juu ya bei ya zabibu: mmoja muuzaji wa kando ya barabara, mwingine abiria ambaye basi lake linaondoka. Sikuwaandikia ubaoni la kusema. Muuzaji alikosea wakati wa kitenzi mara tatu nami nikanyamaza kwa makusudi, kwa sababu tangu Januari sikuwahi kumsikia akifungua kinywa.

Darasa jingine, ulilolisifu kwa utulivu, lilisimama likakuimbia salamu kwa sauti moja. Hata mwenye kuumwa tumbo alikuambia hajambo. Ulipomuuliza mmoja wao anatoka kijiji gani, aliinamisha kichwa, nawe ukageukia Kiswahili. Hilo halimo katika taarifa yako.

Wengi wa watoto hawa wamenyonya Kigogo. Kiswahili wamekiokota mnadani, kisimani na kwa makondakta, wakikosea, wakichekwa, wakiendelea. Hakuna aliyewakata alama. Kwa Kiingereza tunawasomesha fizikia na jiografia baada ya miaka 7 ya kusoma kwa Kiswahili, halafu tunataka wakae kimya. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliandika kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakimudu Kiingereza kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne bado ni karatasi na kalamu; hauna hata dakika moja ya kumsikiliza mtoto akizungumza. Sisi tunafundisha kinachotahiniwa, nanyi mnakagua kilichoandikwa, na mtoto anamaliza shule akiwa bubu wa lugha aliyoisoma miaka yote hiyo.

Najua darasa langu ni kubwa, siwezi kuzungumza na kila mmoja. Ndiyo maana nawaacha wazungumze wao kwa wao, wawili wawili, na hilo haliwezekani kimyakimya.

Kipindi kina dakika 40. Naomba 10 zisizo na imla wala kujaza nafasi, na naomba zisiandikwe tena kuwa utovu wa nidhamu. Utakapowaandikia wakubwa wako, washauri wapeleke kwa Baraza la Mitihani hoja ya mtihani wa kuzungumza. Na ukija tena, usikae nyuma na kalamu. Vuta kiti, keti na yule muuza zabibu, mwulize bei kwa Kiingereza, kisha umsubiri ajibu.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiingereza, Chamwino