Jinsi ya Kununua Jaketi na Bado Ukatetemeka

Barua ya uhamisho imefika, na kituo chako kipya ni Njombe. Wenzako ofisini Dar es Salaam wamekupongeza kwa sauti ya watu wanaotoa pole. Shemeji yako, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, ameshakuhakikishia kwamba baridi ya kule inazoeleka. Ni mwezi Juni. Unahitaji jaketi la flisi, lile la manyoya manyoya, la kuvaa asubuhi ukienda kazini, jioni ukiwa kwenye benchi nje ya duka, na Jumamosi ukienda kuonyeshwa mashamba ya viazi na watu wanaotaka kukuuzia. Mwongozo huu ni wako wewe usiyependa kusumbuliwa na habari za vitambaa. Ufuate ulivyo, na utafika Njombe umependeza.

Jambo la kwanza, nunua Dar es Salaam. Nenda soko la mitumba la Karume saa saba mchana, jasho likikutiririka mgongoni. Hakuna saa nzuri kuliko hiyo ya kupima joto la nguo, kwa maana jaketi lolote utakalojaribu litakuunguza, hata lile jembamba la kuvaliwa na mtu anayekimbia mazoezi. Livae, loa, sema "hili lina joto," lipa. Wapo watu wa wasiwasi ambao husubiri wafike Makambako au Njombe kwenyewe, wakanunua asubuhi na mapema kwa muuzaji ambaye naye amejikunyata ndani ya jaketi lake. Hao hukagua kwanza alilovaa muuzaji, kisha ndipo wanatazama alizotundika. Utaratibu huo haufai kwa mtu mwenye haraka.

Karume utapokewa vizuri. "Bosi, hii gredi one. Belo nimefungua leo asubuhi." Usihoji. Mabelo yote sokoni hufunguliwa leo asubuhi, hata ukipita jioni, hata ukirudi kesho kutwa.

"Bei gani?"

"Arobaini. Ila kwa sababu ni wewe, tunaongea."

Furahi kwamba ni wewe.

Sasa kuna wajuaji watakaokueleza kuhusu unene. Watakwambia viwanda hupima flisi kwa uzito wa kitambaa: gramu 100 kwa mita ya mraba ni nyepesi, 200 ni ya kati, 300 ni nzito ya baridi kali. Waache. Lebo za mitumba ama zimekatwa ama zimefutika, na mwenye mizani hapo jirani ni muuza dagaa. Watakwambia tena ubane kitambaa kati ya vidole viwili, uachie, uone kama manyoya yanainuka. Eti joto la flisi limo kwenye hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, na nyuzi zenyewe ni polyester tu, jamii ileile ya plastiki inayotengenezewa chupa za maji. Manyoya yakishalala yasiinuke, hewa haina pa kukaa, na wewe umenunua plastiki bapa. Watakutaka uliinue juani utazame viwiko na mabega, maana palipochakaa mwanga hupenya. Wengine watakwambia uweke mdomo kwenye kitambaa upulize, usikilizie pumzi inavyotoka upande wa pili. Usithubutu. Utakuwa mtu mzima umesimama katikati ya soko unapuliza nguo.

Wewe pima kwa shavu. Liweke jaketi shavuni, fumba macho kidogo. Lile laini kupita yote, ambalo ni kitambaa cha gauni za kulalia na mablanketi ya wachanga, ndilo la kuchukua. Litakubembeleza mpaka ufuaji wa pili au wa tatu. Baada ya hapo litaanza kuota vitonge, kwanza kwapani, halafu begani panapopita mkanda wa begi, halafu kiunoni. Flisi iliyofumwa vizuri, yenye manyoya mafupi yaliyobana, huchelewa sana kufika huko, lakini shavuni haina maneno matamu. Na ukiona jaketi ambalo mgongo ni laini na kwapa lina vitonge, jua muuzaji amepitisha brashi pale pa kuonekana tu. Mpongeze kwa bidii.

Baada ya ulaini, chagua kwa nembo. Hapa soko limejaa neema. Utakuta majaketi yaliyodariziwa majina ya benki za ughaibuni, timu za magongo ya barafu, kampuni za mafundi bomba zilizokuwa zinatimiza miaka kumi. Kuna yenye jina la mtu kabisa, kifuani upande wa kushoto: Gary. Usisumbuke kwamba huko Njombe watu watakusalimia kwa jina hilo. Cha kujiuliza, kama ungekuwa mtu wa kujiuliza, ni kwa nini mwajiri wa Gary alimpa hilo. Jaketi la kugawa bure kwenye sherehe ya kampuni kwa kawaida ni la bei ndogo, limenunuliwa kwa mamia, na aliyelinunua hakuwa ndiye wa kulivaa. La kazi ni jingine: la wafanyakazi wa mbugani au wa bandari ya baridi, lenye kitambaa kigumu kilichoongezwa mabegani na viwikoni. Hilo lina sura mbaya. Mara nyingi liko chini ya fungu, na rangi yake ni ile ya kijani ambayo hakuna aliyeichagua.

Yapo pia yenye nembo kubwa za majina makubwa ya wapanda milima. Kama nembo imedariziwa ikapinda, na uzi unaning'inia kwa ndani, hapo umepata: watu wa mbali hawataona uzi. Ila ukikuta ndani ya shingo, au ubavuni kwenye mshono, kilebo kidogo cha kitambaa kimeandikwa Polartec, kipite haraka. Jina hilo linatokana na kiwanda cha Malden Mills cha mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts huko Marekani, ambacho pamoja na kampuni ya Patagonia ndio waliofanya flisi ikawa nguo ya wapanda milima. Kiwanda kiliungua tarehe 11 Desemba 1995, siku mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, alipotimiza miaka 70. Badala ya kuchukua fedha za bima akapumzike, alijenga upya palepale na akaendelea kuwalipa mishahara wafanyakazi waliokuwa nyumbani hawana mashine. Miaka sita baadaye kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kitambaa cha watu wa namna hiyo, wasiojua biashara, utakitegemea vipi? Tena kilebo chenyewe hakionekani ukiwa umevaa.

Zipu usiiguse. Ukiigusa utaifunga na kuifungua mara moja, itapanda vizuri, utaridhika, na hapo utakuwa umeharibu raha ya kugundua mwenyewe. Mkorofi hufanya hivi: huifunga mpaka kidevuni, kisha hushika pande mbili za kifua na kuzivuta kana kwamba anapasua shati. Kichwa cha zipu kilicholegea huachia meno kuanzia katikati, yakafumuka huku kichwa chenyewe kimebaki juu kinakutazama. Halafu huinama kutazama kule chini, kwenye kile kipini kinachoingia ndani ya kisanduku chake, maana kikishakatika ncha hakuna fundi atakayekirudisha. Ni kung'oa zipu nzima. Kichwa kilicholegea kinabadilishwa na fundi yeyote wa pale sokoni, kwa hiyo mkorofi huyo hatalikataa jaketi. Atataja tu kichwa kwa sauti, bei ishuke. Akiona herufi YKK hukagua palepale kama kichwa na meno vimetoka nyumba moja, kwa kuwa herufi hizo za kampuni ya Kijapani huigizwa kirahisi kuliko zipu yenyewe.

Saizi: chukua kubwa. Muuzaji atakwambia "hii ni ya kujiachia, kaka," na kweli utajiachia, upepo nao utaingia kwa chini, upande mpaka shingoni, utoke na joto lako. Kama kubwa hakuna, chukua ya kubana, isiyoruhusu hata sweta jembamba ndani. Ya kati, inayopitisha shati na sweta moja, yenye mikono inayofika kwenye kifundo hata ukinyoosha mikono kama unayeendesha pikipiki, na mgongo usiopanda ukichuchumaa, waachie wenye muda wa kuchuchumaa sokoni.

Tumefika Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukiendelea kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600, ambako msimu huu kuna alfajiri umande unaamka umeganda juu ya majani. Saa kumi na mbili asubuhi panda bodaboda ukiwa na flisi yako peke yake. Usivae kitu juu yake. Flisi ya kawaida hupitisha upepo, na hewa yote iliyonaswa kwa taabu kwenye manyoya itakombwa kabla hujafika kona ya kwanza. Dereva wako amevaa koti la mvua lililopasuka juu ya sweta la shule la mdogo wake, naye anapiga mluzi. Koti lile la nailoni, hata likiwa bovu, linazuia upepo. Sweta linatunza hewa. Wewe una jina la benki.

Ndani, kifuani, vaa fulana nzito ya pamba. Ikishalowa jasho la kupandisha kilima haikauki, itakugandia mgongoni siku nzima na kuifanyia flisi kazi ya kinyume. Flisi yenyewe ikinyeshewa hunywa maji kidogo sana. Ukiikung'uta na kuikamua, hukauka ikiwa imetundikwa mahali penye hewa. Hiyo ni sifa yake kubwa, na ndiyo maana usiipe nafasi ya kuionyesha. Ikaushe kwenye jiko la mkaa.

Kaa karibu na jiko hilo, jioni, na wenyeji wako na ulanzi wao. Cheche moja ikiruka, pamba au sufu ingeungua kidogo ikazimika kwa kidole. Polyester huyeyuka, ikaacha tundu lenye ukingo mgumu, na ikigusa ngozi hung'ang'ania. Wenyeji watakuonya usogee nyuma. Waambie baridi ya kwenu kali zaidi.

Mwisho, ufuaji. Maji ya moto, sabuni ya unga ya kutosha, brashi ya viatu, na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, ambayo hulaza manyoya vizuri kabisa. Usiligeuze ndani nje. Likishakauka, chukua pasi, iweke kwenye joto la suruali za kitambaa kizito, ianzie kifuani upande wa kushoto. Itanata kidogo, kisha itateleza. Alama itakayobaki ni ya kudumu, lakini imefunika Gary.