Godoro la Makala Moja

Kabla hakujawa na simu wala bando, Karagwe ilikwisha kuandikiwa makala za udhamini. Novemba 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika wakitafuta chanzo cha mto Nile. Safari ilikuwa ya Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, fedha zilitoka serikali ya Uingereza, na chakula kikawa juu ya mwenyeji. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, Rumanyika alikuwa amemwagiwa sifa za upole na ukarimu ambazo watawala wengine wa njiani hawakuziambulia.

Speke alilipa pia, kwa namna yake. Alitaka kumpima kwa futi shemeji mmoja wa mfalme, mwanamke aliyeneneshwa kwa maziwa hadi kusimama kukawa shida. Mama huyo hakukubali bure. Ikabidi mgeni aahidi kumwonyesha mikono na miguu yake mitupu, apate kuuona vizuri weupe wake. Mama akajikokota hadi katikati ya nyumba, mzungu akakunja nguo, kila upande ukapata chake. Vipimo vimo kitabuni hadi leo: mkono, mzingo wa futi 1 na inchi 11. Mwaka 1876 akafika Henry Morton Stanley, huyu akiwa amedhaminiwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la London. Naye akamsifu Rumanyika.

Kwa hiyo kijana wa Rugu, Karagwe hiyo hiyo, anayeishi kwa kuandika makala za kusifia bidhaa za watu hakuanzisha jambo. Ila Speke na Stanley walisomwa London, ambako hakuna mtu ambaye angeweza kuamka asubuhi akaenda kwa Rumanyika kuuliza kama ni kweli. Kijana huyu anasomwa Rugu.

Aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa nyuma. Kizazi cha kwanza cha blogu za Kiswahili, cha Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, kisha Issa Michuzi aliyeanza Septemba 2005, kilikuwa na uwanja wa bure. Mwaka 2018 zikaja kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni: maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au jela. Kijana akapiga hesabu, akaona kwa fedha hizo Rugu mtu anapata ng'ombe, tena anayekamuliwa. Akaamua awe kalamu ya kukodi kwa wenye leseni zao. Wao wanaleta mteja na maelekezo, yeye analeta maneno. Wenzake wakambandika jina la chawa. Akalipokea, maana chawa naye anakula.

Shida ya maelekezo ni kwamba huandikwa na mtu aliyeketi Dar es Salaam penye kiyoyozi. Kampuni ya viungo ilitaka asimulie pilau ya Jumapili ya utotoni kwake. Jumapili ya utotoni kwake ilikuwa ndizi na maharage, kama Jumatatu. Akaandika pilau hivyo hivyo, na shangazi yake akauliza kwa masikitiko ilipikwa lini asiitwe.

Kampuni ya kahawa ndiyo iliyomtia aibu zaidi. Walitaka picha ya mkulima akinusa kikombe alfajiri, macho amefumba, ukungu nyuma yake. Ukungu ulikuwepo. Mkulima alikuwepo pia, mjomba wake, mwenye shamba la robusta lililochanganywa na migomba kama mashamba mengi ya Kagera. Kilichokosekana ni kahawa ya kunywa. Nyumbani kwa mjomba hunywewa chai ya maziwa. Kahawa inayoheshimika pale ni ya kutafuna, akamwani, matunda yaliyochemshwa na majani ya viungo kisha yakaanikwa, yanayoletwa kwenye kikapu kidogo mgeni akikaa. Mwandishi alituma picha ya kikapu. Ikarudi haraka na ujumbe: "Kaka, hizi mbegu za nini? Tunahitaji kikombe."

Ikakorogwa chai ya rangi, kali, nyeusi tii. Mjomba akafumba macho kama alivyoelekezwa, akanusa, kisha akafumbua jicho moja.

"Mpwa wangu, kama wana pesa ya kumlipa mtu anuse kikombe, kwa nini wasiongeze kwenye bei ya kilo?"

Swali hilo halikuwamo kwenye maelekezo, kwa hiyo halikuingia kwenye makala. Na makala ilipotoka, fundi wa picha wa huko mjini alikuwa ameona ukungu peke yake hautoshi, akapandikiza mlima Kilimanjaro nyuma ya mjomba, theluji na yote. Kutoka Karagwe hadi mlima huo ni kama kilomita 700 za angani. Kwenye chama cha msingi, siku ya kupima kahawa, wazee walimpongeza mjomba kwa kununua shamba Moshi na kuficha. Mwandishi angegoma, lakini hakuwa na ubavu: malipo alikuwa ameyachukua mapema na kuyala. Mkulima wa Kagera aliyeuza kahawa kwa butura, ingali maua mtini, anaielewa hali hiyo bila maelezo.

Alijifariji kwa kusoma maafa ya wakubwa. Mwaka 2012 Oprah Winfrey aliisifia kwenye Twitter tabuleti ya Surface ya Microsoft, na chini ya ujumbe pakasomeka wazi kwamba umetumwa kwa iPad ya washindani wao. Mwaka 2016 Scott Disick, mzazi mwenza wa Kourtney Kardashian, alitakiwa kusifia kinywaji cha Bootea. Akanakili maagizo ya wateja wake, pamoja na sehemu inayomwambia saa ngapi aweke na aandike nini. Wafuasi wake wakasoma maagizo kabla ya sifa. Mtu akikaa Rugu, akasoma hayo usiku huku mtandao ukikatika, anajisikia yuko katika chama cha watu wa maana.

Kisha likaja godoro.

Kampuni haikuwa na fedha taslimu ya makala, ilikuwa na bidhaa. Tano kwa sita, inchi 8, bure kabisa. Mwandishi alikubali kabla afisa masoko hajamaliza sentensi. Godoro likapakiwa basi Dar es Salaam, likasafiri zaidi ya kilomita 1,300, likashushwa Omurushaka, na hapo ndipo alipojulishwa kuwa nauli ya mzigo inalipwa na mpokeaji. Akalipa. Ilikuwa karibu sawa na alichokuwa akilipwa kwa makala nzima. Katika kusubiri alikuwa amekumbuka pia Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, iliyoweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui. Godoro la futi 6 ni inchi 72. Asilimia 5 yake ni inchi tatu na nusu hivi, kama mtu ataamua kukata upande wa miguuni.

Kutoka Omurushaka likapanda bodaboda. Lilikunjwa, likafungwa kwa mipira, likamzidi dereva kwa kimo, na mwandishi akaenda nyuma kwa pikipiki ya pili ili alichunge lisianguke. Kila upepo ulipovuma, pikipiki ya mbele iliyumba kuelekea mtaroni. Kila walipopita penye maduka, watu walisimama. Kijana asiye na mke, godoro jipya la watu wawili, mchana kweupe: nani angehitaji kuelezwa? Jioni walikuja ndugu wawili kuuliza upande wa bibi harusi ni akina nani. Mzee mmoja wa jirani alitaka kujua kama ndizi za kukamulia lubisi ya harusi zimeshaanza kutafutwa, kwa sababu yeye anazo.

Mama yake hakuuliza chochote. Aliligusa godoro kwa kiganja, akalibonyeza, akasema, "Mwanangu, mgongo uliokubeba ni upi?" Likahamia chumbani kwake usiku ule ule.

Mwandishi akabaki na godoro lake la zamani, lenye bonde katikati, na deni la maneno 800 kuhusu usingizi ambao haujampata. Akafanya kile ambacho mwandishi makini angefanya: akamhoji mlalaji.

"Laini mno," mama akasema. "Ukigeuka linakufuata."

Akaandika: linafuata umbo la mwili wako usiku kucha. Afisa masoko alipenda sentensi hiyo mpaka akampigia simu kumpongeza, na mwandishi akapokea pongezi kwa unyenyekevu wa mtu aliyetafsiri malalamiko vizuri.

Makala ilisomwa. Rugu, waliosoma walikuja kulikagua godoro lenyewe, maana mlango wa mama uko wazi na kitanda hakina siri. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwataka wanablogu tangu Desemba 2009 waseme wazi wanapokuwa wamelipwa au kupewa kitu. Mama hajawahi kuisikia tume hiyo, lakini kila mgeni alianza naye hapo: "Hili tulipewa bure, msije mkadhani tuna pesa." Kisha alimkalisha mgeni pembeni ya kitanda, akamwacha azame, akamsaidia kuinuka. Mwenye mgongo mbaya alishauriwa asilinunue. Alielekezwa godoro gumu la kampuni hiyo hiyo, la bei ya chini, ambalo mama aliliona dukani Omurushaka na kulibonyeza vilevile. Hili laini, alisema, ni la vijana, na kijana wake hajaoa.

Baada ya wiki chache afisa masoko alipiga tena, sauti imepanda. Duka la Omurushaka limemaliza mzigo! Wameagiza mwingine! Jambo moja tu halieleweki: yaliyokwisha ni yale magumu, ambayo hayakutajwa kwenye makala hata kwa bahati mbaya. Mwandishi akaeleza ilivyokuwa, polepole, akitarajia kudaiwa godoro lirudi Dar es Salaam kwa gharama zake. Upande wa pili ukanyamaza kidogo.

"Kaka, mama anatumia namba gani?"

Walimwambia mama wanamtaka awe balozi wao wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, na kwamba malipo yake yatakuwa godoro. Akajibu kuwa godoro analo. Akataja kiasi chake, kilichozidi chochote ambacho mwanawe amewahi kuthubutu kukitaja, akataka kije kwa simu, na ya kutolea.