Samaki wa Kutokoswa

Mimi, ambaye tabibu wangu alikuwa amenipiga marufuku mafuta ya kila namna, nilipoketi katika mkahawa mmoja wa mjini Chengdu, katika jimbo la Sichuan, na kutafsiriwa orodha ya vyakula, nilifurahi ghaya kusikia jina la samaki aliyetokoswa kwa maji, nikamwagiza bila ya kudadisi, maana ni chakula gani kimfaacho mgonjwa kuliko hicho? Likaja bakuli mithili ya beseni la kunawia, mafuta yakitokota juu yake, pilipili kavu zimetanda kama dagaa walioanikwa ufuoni, na samaki mwenyewe, maskini, amezama chini asionekane ila kwa kupigiwa mbizi. Maji, wallahi, sikuyaona.

Jirani yangu alikuwa akila nyama isifiwayo kwa harufu ya samaki, nayo haijapata kuonana na samaki, kwani ladha yake hutokana na pilipili za achari, tangawizi, kitunguu thaumu, siki na sukari. Na mwengine alikuwa na sahani iitwayo mapafu ya mume na mke, ambayo aghalabu haina mapafu, wala, alhamdulillahi, mume na mke. Ama ile punje yao ndogo iitwayo huajiao, itiayo ulimi ganzi, hiyo naihesabu kuwa ni hila ya wapishi: baada ya kuitafuna mara tatu sikuweza tena kulalamika, na mhudumu, kwa kuniona nimenyamaza, akadhani nimeridhika, akaniletea bakuli la pili.