Hongera kwa Kibodi Mpya

Wenye midomo hawakosekani Karatu. Ofisi yetu moja imepata kibodi mpya, zenye taa za rangi chini ya kila herufi, nao wameshaanza kunong'ona. Wivu tu!

Kibodi ni mtumishi wa mfano. Ndani ya waya wake wa USB mna nyaya nne: mbili hupitisha taarifa, mbili huleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Haina betri, haina luku, haidai posho. Kompyuta ikizimika, nayo huzimika papo hapo, bila hata kuunda kamati. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilijengwa kwa megawati 2,115. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5 na kibodi haimalizi hata hizo. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi. Subira ya kibodi hizi haijapimwa.

Juzi, tangu saa tatu asubuhi, karani alikuwa akiipangusa yake vumbi jekundu, herufi moja baada ya nyingine, foleni nzima ikitazama. Taa za rangi hazikuwaka, lakini usafi ule! Jenereta nayo ipo nyuma ya jengo, imepumzishwa vizuri, kuku wametaga juu yake. Simba wa kreta wakilala mchana watalii hulipa dola kuwatazama. Sisi tunatazama bure.

Basi, ndugu mwananchi, ukija kufuata cheti chako, njoo na kalamu.