Jinsi ya Kwenda Kilosa na Kurudi Umepumzika

Nenda wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Mpunga umeshavunwa, mahindi yako ghalani, asubuhi unatafuta sweta na mchana jua halikuchomi. Watu wana nafasi ya kukaa. Ukienda Machi utakuta mto Mkondoa umejaa na ukoo mzima uko shamba, nawe utabaki barazani ukitazamana na kuku.

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na Kilosa ina stesheni kwenye njia hiyo. Lakini uliza kwanza kabla ya kukata tiketi: treni za haraka hazisimami kila kituo. Ukipitiwa na usingizi utaamkia Dodoma, na Dodoma huna shangazi.

Wa basi na wa gari wapitie Mikumi. Barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kando yake kuna vibao vya faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Visome, kisha punguza mwendo hata kama hakuna askari. Nyani usimrushie ndizi dirishani. Nyani aliyezoea kulishwa barabarani hufia barabarani, na ndizi yako ndiyo iliyomwita.

Ile spika yako ya bluetooth iache Dar. Nakuomba, iache. Kule unakokwenda watu wanaimba wenyewe.

Fikia nyumbani, si gesti. Lala kwa shangazi hata kama godoro liko chini na umebanana na watoto wa binamu. Kinachomrudishia mtu nguvu hutolewa saa nne usiku, taa zikiwa zimezimwa na wakubwa wakidhani wadogo wamelala: nani alikataa kuolewa na nani, shamba la bondeni liligawanywaje, babu alikuwa anacheka vipi. Gesti hakuna hayo. Na kabla ya kufungua begi, nenda kamwamkie mjomba. Kwa Wakaguru, Wasagara na Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba lina uzito. "Shikamoo, mjomba," kisha keti, ngoja aulize yeye. Foleni ya Mbezi haimhusu.

Koo nyingi za huku zina msikiti na kanisa ndani yake. Basi fika Ijumaa mapema, wenye kwenda kuswali waswali, na kuku wa jioni achinjwe na ndugu Mwislamu ili sinia liwe moja. Hakuna mkutano wa viongozi wa dini utakaokufundisha kuishi pamoja kuliko sinia hilo la wali wa Kilosa, mikono ya watu wa swala na watu wa sala ikikutana kwenye mchuzi.

Jumamosi asubuhi mpeleke bibi hifadhini. Hili ni agizo. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na wazee wengi wa jirani wameiona kwa dirisha la basi tu. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Beba vitambulisho vya taifa vya wote. Bibi akae mbele. Kwenye bwawa la viboko mwache atazame mpaka achoke mwenyewe, na kwenye tambarare ya Mkata weka simu chini umsikilize. Tembo unayetaka kumpiga picha, yeye anamfahamu kama mla mahindi.

Jioni kuna mazoezi ya kwaya, na utaingizwa. Mwalimu ataandika do re mi ubaoni, atakusikiliza kidogo, kisha atakusogeza kwenye besi, mahali ambapo sauti ya mgeni huzibwa na sauti za wenyeji. Kubali. Umeme ukikatika kinanda kitanyamaza, manyanga na ngoma vitachukua nafasi yake, na wimbo utaendelea pale pale ulipokuwa. Usidhani ngoma hiyo ilijipitia tu kanisani: Padre Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 1963, akiupima muziki wa Kibantu kwa sheria za Kanisa.

Usiku ni wa wazee. Waombe wakueleze habari za Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na kufa kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Vijana nao wana la kusema: jimbo la Mikumi lilimpeleka bungeni mwanamuziki, Profesa Jay, kuanzia 2015 hadi 2020. Na ni yeye aliyeimba "Ndio Mzee" mwaka 2001, kumhusu mwanasiasa wa ahadi tele.

Jumapili, ukibahatika, ni sikukuu ya mavuno. Vaa nguo inayohimili vumbi na uwe na noti ndogondogo, kwa sababu baada ya ibada kuna mnada. Mzee wa kanisa anamnyanyua jogoo kwa miguu: "Elfu kumi! Nani anaongeza?" Mama mmoja anaongeza elfu mbili, anashinda, analipa, halafu anasema, "Namrudisha mezani." Jogoo ananyanyuliwa tena. Anaweza kuuzwa mara tatu kabla ya kupata mwenyewe. Halafu miwa, maboga, debe la mpunga, mayai kwenye kikapu. Mjomba wa msikitini atakuwepo pia, amesimama chini ya mwembe na kofia yake, na muwa ulio mrefu kuliko wote ataunyakua yeye. Nunua kitu, hata boga. Nunua, kisha ulirudishe mezani. Hapo ndipo watakapokuita kwa jina la baba yako.

Usiondoke Jumapili mchana kukimbia foleni ya Kibaha. Omba ruhusa ya Jumatatu kazini wiki hii, ulizia vitambulisho vya wazee, na mpigie shangazi leo ili aanze kumfunga kuku.