Wiki ya 20 kwa Bei ya Ndama

Msimu wa bonasi ya majani chai ukifika, mwezi wa Oktoba, simu za Nyeri huanza kulia kwa ukarimu usio wa kawaida. Shirika la chai la KTDA likishalipa wakulima wa Chinga, Iriaini na Gathuthi, hujitokeza watu ambao tangu Januari hawajauliza mtu ameamkaje: mawakala wa bima, wauzaji wa ploti za Chaka na Naro Moru, na siku hizi vijana wa vilabu vya likizo. Hawa wa mwisho hawasemi wanauza kitu. Wanakupongeza. Umechaguliwa, umeshinda chakula cha mchana cha watu wawili katika hoteli ya mjini, na unachotakiwa kuleta ni mama watoto na dakika tisini.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tetu alikwenda. Alivaa suti aliyomwozea bintiye, akakaa na mkewe mbele ya sahani mbili za kuku na kijana mmoja mwenye beji, tai nyembamba na meno mengi.

"Mzazi, likizo ya mwisho mlienda wapi?"

Mwalimu akatafakari. "Mukurweini."

"Hoteli gani?"

"Ilikuwa mazishi."

Kijana hakutetereka. Alitoa kikokotoo, akachukua bei ya usiku mmoja katika hoteli ya pwani, akazidisha kwa saba, akazidisha kwa miaka 20, akaongeza mfumuko wa bei. Jumla iliyotokea ilikuwa kubwa hata mwalimu, aliyekula chaki ya hesabu maisha yake yote, akaanza kusikitikia pesa ambazo hakuwa na mpango wa kuzitumia. Ndipo bei ya uanachama ikafunuliwa: wiki moja kila mwaka, nyumba ya watu sita, ufukweni. Kwa hesabu ya soko la mifugo, ilikuwa bei ya ng'ombe sita wa maziwa. Meza ya nyuma ikagonga kengele, ishara kwamba mtu ametia sahihi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu naye akapiga, kwa adabu, akidhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu.

Biashara hii ya kuuza likizo kwa vipande ina umri wake. Mwaka 1963, huko Uswisi, kampuni ya Hapimag ilianza kuwauzia watu haki ya kutumia nyumba za likizo badala ya nyumba zenyewe. Mwaka 1967 kituo cha Superdévoluy, katika milima ya Alps ya Ufaransa, kikauza vyumba kwa wiki. Mwaka 1974 ikaanzishwa kampuni ya RCI huko Indiana, Marekani, ili mwenye wiki yake mahali fulani aweze kubadilishana na mwenye wiki kwingine. Mwaka ukakatwa wiki 52, kila moja na nambari yake, na misimu ikapewa rangi: nyekundu kwa msimu wenye watu wengi, nyeupe kwa wa wastani, buluu kwa ule ambao hata wenye hoteli hupendelea kwenda kwingine.

Mlima Kenya nao ulizoea uanachama mapema. Mwaka 1959 mwigizaji William Holden na washirika wake walinunua hoteli iliyokuwa Nanyuki, wakaigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club. Ikweta hupita katika viwanja vyake, na miongoni mwa waliotajwa katika orodha ya wanachama ni Winston Churchill. Kilichouzwa pale, zaidi ya kitanda, kilikuwa jina lako kukaa karibu na majina kama hayo.

Kuchukua mahali kwa mkono wa pili pia kuna historia, tena Nyeri penyewe. Katika hoteli ya Outspan ipo nyumba ndogo ya Paxtu, iliyojengewa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, mwaka 1938. Alifariki Januari 1941. Baada ya vita akahamia humo Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India, pamoja na dada yake Maggie, akaishi hapo hadi alipofariki mwaka 1955. Mlima ulionekana kutoka barazani vilevile, bila kuuliza nani aliingia wa kwanza.

Hoja hiyo ndiyo aliyoishika rafiki wa mwalimu, mkuu wa shule mstaafu wa Karatina, aliposikia habari za kuku. Yeye alikuwa na wiki yake pwani, aliyoinunua miaka iliyopita kwa kengele na makofi. Sasa alikuwa tayari kuiachia kwa bei ya ndama. "Na huyo ndama," alisema, "hata akiletwa mwakani si neno."

Tofauti ya ng'ombe sita na ndama mmoja haikai katika godoro. Sehemu kubwa ya bei ya kwanza hulipia uuzaji wenyewe: simu, ukumbi, kamisheni ya kijana, kuku wa walionunua na wa waliokula wakaondoka. Mnunuzi wa pili hayumo katika karamu hiyo. Huko Marekani kuna watu wanaotangaza wiki zao mtandaoni kwa dola 1, nao hukosa mteja.

Hukosa mteja kwa sababu ya ada. Kila mwaka mwanachama hulipia matengenezo, awe amekwenda au hakwenda. Kwa Marekani wastani wake umepita dola 1,000. Ada haitambui nani alinunua kwa kengele na nani kwa ndama. Tena anayenunua moja kwa moja hupata haki ambazo wa mkono wa pili huenda akanyimwa. Klabu ya likizo ya Disney ni mfano: anayenunua kwa mwanachama mwingine tangu Januari 19, 2019, katika zile hoteli zake 14 za awali, hawezi kuutumia uanachama wake katika hoteli ya Riviera. Kampuni hiyo pia ina haki ya kumtangulia mnunuzi na kuuchukua uanachama huo.

Mwalimu, ambaye hajawahi kupokea daftari bila kulisahihisha, alimwandikia rafiki yake maswali matatu. Risiti za ada ziko wapi? Je, kampuni itakubali kubadilisha jina? Na wiki yenyewe ni ya ngapi?

Kwa swali la tatu rafiki alikohoa. Ilikuwa wiki ya 20.

Wiki ya 20 huangukia katikati ya Mei. Pwani wakati huo masika yamepamba moto, bahari imechafuka, na wajukuu wote wako darasani, muhula wa pili. Ikajulikana pia kwamba rafiki aliwahi kupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya heshima, akaambiwa amepatikana mnunuzi wa Dubai, atume tu ada ya usajili kwanza. Alituma. Utapeli huu una wakubwa wake: Aprili 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico waliohusishwa na genge la CJNG kwa kuwalaghai wenye wiki kama hizo. Genge la dawa za kulevya, na bado limeona faida katika chumba cha likizo.

Kwa wanaonunua kutoka kwa kampuni, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 inatoa siku 10 tangu kupokea nakala ya mkataba, na mtu anaweza kujitoa bila kueleza sababu. Umoja wa Ulaya unatoa 14. Lakini sheria ya Kenya inamlenga mfanyabiashara. Mkataba na rika lako wa Karatina unalindwa na aibu tu.

Mke wa mwalimu, aliyekuwa amekula kuku wake kimya na kufunga kipaja kimoja kwenye kitambaa, aliyapeleka makaratasi ya rafiki kwenye chama chake. Akina mama kumi na wawili waliyasoma kwa miwani ya zamu. Mvua? Wao ni watu wa Nyeri, wameanika nguo Julai. Wajukuu shuleni? Ndiyo likizo yenyewe. Nyumba inalala sita, basi watapokezana mwaka hadi mwaka, na ada itagawanywa kwa kumi na mbili. Mweka hazina akampigia rafiki simu, akamwita baba kwa upole, akamwambia ndama hatakuwepo: chama kitalipa ada ya mwaka huu, yeye alete risiti na barua ya kampuni ya kubadilisha jina.

Alikubali kabla mama hajamaliza sentensi, kisha akauliza kama kwenye matatu ya kwenda pwani kutakuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Mwalimu hakuulizwa maoni. Katika ratiba iliyobandikwa jikoni, wiki ya 20, jina lake limeandikwa mbele ya ng'ombe.